Wino umetawanyika, rangi imepauka: kuchora, kupaka na kushona kipande kidogo cha kumbukumbu

*"Mwalimu, habari za kazi. Natengeneza vipande vidogo vya kitambaa, ukubwa wa kiganja tu, vya kumkumbuka mama yangu. Nachora kwa kalamu ya wino vitu vyake: kikombe, miwani, mlango wa chumba chake. Kisha natia rangi za maji, zile za vijisahani, halafu naweka pamba katikati na kitambaa cha nyuma na kushona matabaka yote matatu kwa mkono. Kitambaa cha juu nakikata kwenye shuka lake la pamba. Vitatu vya kwanza vimeniharibikia. Wino ulitawanyika mara tu brashi ilipogusa mstari, rangi ikavuka mipaka, na ilipokauka ikapauka. Nilipopiga pasi ya mvuke yakatokea madoa. Kimoja nilikiosha kidogo kikabaki karibu cheupe. Rafiki mmoja ananishauri niloweke kwenye siki na chumvi, mwingine anasema nipulizie dawa ya nywele. Kushona nako kunakikunja kitambaa, hakilali sawa. Shuka limebaki nusu na sitaki kulipoteza. Nimekosea kitambaa, rangi, au utaratibu? Au niachane na rangi nibaki na uzi peke yake?"*

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Nianze na la haraka: nusu ya shuka iliyobaki ikunje uiweke kando, usiikate tena mpaka umalize majaribio nitakayokueleza, na majaribio hayo yafanyie kwenye pamba nyingine yenye ufumaji unaofanana nayo. Shuka hilo halina mbadala. Mengine yote yanarekebishika.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba wino, rangi za maji na sindano huenda havipatani kwenye kitambaa kimoja. Vinapatana, na usiachane na rangi. Kilichokuangusha ni kwamba umechukua rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya karatasi ukaihamishia kwenye nguo bila kubadilisha kitu kingine chochote, tena ukatumia wino usiojua unashikwa na nini. Shuka la mama halina kosa. Pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini, imekwisha kurudi, yaani kusinyaa, na sindano hupita ndani yake bila shida. Kwa mshonaji huwezi kuomba kitambaa bora zaidi. Ila kwa mchoraji kina tabia ambazo lazima uzijue.

Rangi za maji za kuchorea zimejengwa na vitu viwili vikubwa: chembechembe za rangi zilizosagwa laini sana, na gundi inayozishikiza. Gundi hiyo ni gamu arabiki, utomvu wa miti ya jamii ya mgunga, na mara nyingi huongezewa gliserini au asali ili rangi isikauke ikapasuka kisahanini. Sifa yake kubwa kwenye karatasi ndiyo balaa lake kwenye nguo: haiachi kuyeyuka. Ikauke leo, uiloweshe baada ya miaka ishirini, itayeyuka tena. Ndiyo maana rangi iliyokauka kisahanini huamka ukiigusa na brashi yenye maji. Joto la pasi haliisaidii, kwa sababu haina kitu ndani yake cha kuifanya ishikamane na nyuzi inapopata moto. Kwa hiyo kile kipande ulichokiosha kilifanya jambo ambalo kila kipande cha namna hiyo kingefanya: maji yaliyeyusha gundi, chembechembe zikaachia, zikaondoka na maji. Mvuke wa pasi ulifanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Uliteremka kama vitone, ukayeyusha rangi pale ulipoangukia, ukaisukuma pembeni, na ilipokauka ikaacha ukingo uliokolea. Hayo ndiyo madoa uliyoyaona.

Karatasi ya rangi za maji hutibiwa kiwandani, mara nyingi kwa jelatini, ili isinywe maji kwa pupa. Rangi hukaa juu kwa muda, unaisogeza unavyotaka, kisha inatulia. Shuka halina kinga hiyo. Kila uzi wake ni fungu la nyuzinyuzi nyembamba, na nafasi zilizo kati ya nyuzinyuzi hizo huvuta maji kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Ukiangalia kwa lenzi pale rangi ilipovuka mpaka utaona kwamba haikusambaa ovyo: imetoa vijimkia vinavyofuata nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu wa kitambaa, na za mshindio, zinazokwenda upana wake. Wino nao umepita njia hizohizo.

Kupauka kuna sababu mbili. Kitambaa kikiwa kimelowa, maji hujaza nafasi kati ya nyuzi na mwanga hautawanyiki sana, kwa hiyo rangi huonekana nzito. Kikikauka, hewa inarudi katika nafasi hizo, mwanga unatawanyika, na rangi ileile inaonekana imefifia. Sababu ya pili ni kwamba sehemu ya chembechembe imezama ndani ya uzi ambako jicho halifiki. Dawa yake ni kuacha kuhukumu rangi ikiwa mbichi. Paka kwenye ukanda wa majaribio, uache ukauke kabisa, ndipo uamue kama inatosha.

Sasa ushauri wa rafiki zako. Siki na chumvi ni mambo ya utiaji rangi nguo, na hata huko kila kimoja kina mahali pake. Chumvi husaidia aina fulani za rangi zilizoyeyuka majini zihame kutoka kwenye maji na kuingia kwenye pamba. Siki husaidia rangi nyingine zishike kwenye sufu na hariri. Vyote viwili hufanya kazi wakati rangi inatiwa, na kwa rangi ya aina hiyo tu. Chembechembe zilizoshikwa na gamu arabiki hazijali siki wala chumvi, na ukiloweka, maji ya kuloweka ndiyo yatakayoziondoa. Dawa ya nywele ni utandu mwembamba usiotengenezwa kudumu: hunata vumbi, huweza kugeuka njano, na haizuii maji kwa namna ya kutegemewa. Usiipulizie kwenye kitu unachotaka kukiona miaka ijayo.

Wino unataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu chini ya jina moja la "wino mweusi" kuna vitu tofauti kabisa.

Upo wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ilivyoyeyuka kwenye chai. Huu ndio wino wa kalamu nyingi za kuandikia na wa kalamu nyingi za watoto. Ukauke usikauke, maji yakirudi utaondoka nayo, na nina hakika kubwa kwamba ndio uliotumia. Upo wino wa masizi, ambao rangi yake ni kaboni. Kaboni haififii kwa jua, lakini inadumu kwenye kitambaa kwa kadiri ya kile kilichoishika. Ile iliyoshikwa na shelaki, yaani utomvu wa wadudu, haiyeyuki kwa maji matupu ikikauka, ila shelaki hulegezwa na sabuni kali na magadi, na kwenye kitambaa kinachokunjwa huweza kupasuka. Iliyoshikwa na akriliki, gundi ya plastiki, hustahimili zaidi. Kwa kazi yako tafuta kalamu iliyoandikwa kwamba wino wake ni wa chembechembe na haupitishi maji, au kalamu iliyotengenezwa mahsusi kwa kitambaa.

Upo pia wino wa chuma, uliotengenezwa kwa salfeti ya chuma na tanini, dutu chachu inayotokana na mimea, ambao huandika ukiwa hafifu kisha ukawa mweusi kwa hewa. Ni mzuri kwa macho, na wapenda kalamu za zamani huusifu, lakini una asidi na chuma chake huharakisha kuoza kwa nyuzi. Katika miaka ya 1840 huko Marekani ilienea desturi ya kuandika majina kwa wino juu ya kwilti za kumbukumbu, yaani mablanketi ya matabaka yaliyoshonwa pamoja, na ziko ambazo leo kitambaa kimeliwa pale wino ulipopita, jina likabaki kama tundu. Usiuguse karibu na shuka la mama, hata kama chupa imeandikwa kwamba haupitishi maji.

Usiamini maandishi ya kalamu peke yake. Jaribu hivi: chora mistari kwenye kitambaa cha majaribio, iache siku nzima, kisha piga nusu ya mistari pasi kavu. Pitisha brashi yenye maji juu ya nusu zote mbili na ukandamize karatasi laini nyeupe juu yake. Karatasi ikitoka safi pande zote, wino unafaa. Ikiwa upande uliopigwa pasi tu ndio msafi, utajua kwamba wino huo unahitaji joto, na hutaruka hatua hiyo. Ikiwa pande zote zimechafua karatasi, kalamu hiyo ibaki ya kuandikia barua.

Mkono nao una nafasi yake. Kalamu ikisimama mahali pamoja, kitambaa kinaendelea kunyonya na mstari unavimba. Shikilia kalamu wima kidogo, usikandamize, na usisimame katikati ya mstari. Kitambaa kisichotulia huikwaza ncha, kwa hiyo kipe mgongo mgumu: ipo karatasi iliyopakwa plastiki upande mmoja, ile ya kufungia vyakula vya kugandishwa. Weka upande unaong'aa dhidi ya kitambaa, piga pasi kavu isiyo moto sana, itashika bila gundi na baadaye itabanduka bila alama. Ukiikosa, kibane kitambaa kwenye ubao kwa utepe wa karatasi, kimekaza bila kuvutika.

Kabla ya kununua chochote, jibu swali moja kwa kila kipande: je, kitakutana na maji? Kitakachokaa ndani ya fremu au sandukuni si sawa na kitakachoshikwa na mikono ya watoto au kushonewa kwenye blanketi. Watu wengi huchagua rangi kwanza na kuuliza kuhusu kufua baadaye, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Kama hakitafuliwa kamwe, unaweza kubaki na rangi zako za maji kwa namna mbili. Ya kwanza ni kukipaka kitambaa tabaka la msingi kabla ya kuchora. Paul Klee, aliyefariki mwaka 1940, ana kazi kadhaa za rangi za maji juu ya kitambaa, lakini alikipaka kwanza plasta au chaki, na rangi ikakaa juu ya tabaka hilo. Leo yanauzwa matabaka ya msingi ya akriliki yenye unga unaonyonya, yanayokigeuza kitambaa kiwe na tabia za karatasi baada ya kukauka siku nzima. Yanafanya kazi vizuri sana. Gharama yake ni kwamba kitambaa kinakuwa kigumu, ufumaji unafichika, na kila tundu la sindano linabaki wazi. Kwa shuka la mama sikushauri. Utakuwa umekifunika kitu unachotaka kukigusa.

Namna ya pili ni kupaka kwenye kitambaa kitupu kwa maji machache. Tumia brashi ndogo, ichovye kwenye rangi, kisha iguse kwenye kitambaa kikavu ili iache maji ya ziada. Tuseme unapaka kikombe. Usianzie kwenye mstari. Anzia katikati ya tumbo la kikombe, sogea kuelekea ukingoni, na usimame milimita mbili au tatu kabla ya wino. Ngoja. Utaona rangi inatembea yenyewe mpaka mstarini na kuishia pale, au ikibakisha ukanda mwembamba mweupe ambao mara nyingi unapendeza kuliko kama ungejaza. Ikiendelea kukimbia, changanya rangi na jeli kidogo ya mshubiri badala ya maji. Uzito wake huipunguzia mwendo. Wacha ikauke kwa hewa, ikiwa imelala sawa. Kukausha kwa mashine ya nywele kabla rangi haijatulia kunaivuta ielekee pale panapokauka haraka, na utarudi kwenye kingo zilizokolea. Na ukishamaliza, kipande hicho hakiguswi na maji wala mvuke milele.

Kama kitafuliwa, au hata kama hutaki kuishi na woga wa tone la chai, tumia rangi za kitambaa au wino wa akriliki uliolegezwa. Hapa kinachoshikiza chembechembe ni vijipande vidogo mno vya plastiki vinavyoelea majini. Maji yakiondoka, vijipande hivyo hukaribiana na kuungana kuwa utando mmoja uliozikumbatia nyuzi, na maji yakirudi hayawezi tena kuutenganisha. Pasi kavu, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na kitambaa kingine katikati, hukamilisha muungano huo. Dirisha liwe wazi wakati wa kupiga pasi. Ukilegeza rangi hiyo kwa maji mengi mno unaipunguzia uwezo wa kushika, kwa hiyo kwa rangi nyepesi sana tumia kilegezo cha rangi ya kitambaa, kimiminika kinachouzwa pamoja nayo. Unachopoteza ni kule kurudi nyuma: rangi za maji unaweza kuzilowesha ukazifuta, akriliki ikikauka imekauka. Brashi ioshe papo hapo, la sivyo utaitupa. Wapo wanaochanganya rangi za maji na kilegezo hicho wakidhani wamepata yote mawili. Hupunguza kuyeyuka tu, kwa sababu gamu arabiki bado imo ndani.

Kanuni inayopita kote ni kwamba kitambaa hushika rangi pale gundi yake inapoacha kuyeyuka. Mafundi wa bingata, ufundi wa kutia nguo michoro ya rangi huko Okinawa, Japani, huchanganya chembechembe za rangi na maji ya soya mbichi iliyosagwa, kwa sababu protini yake hukomaa juu ya nyuzi. Wachina waliochora kwa wino wa masizi juu ya hariri waliitia hariri gundi ya wanyama na shabu isinyonye. Bendera ya hariri iliyokutwa mwaka 1972 kwenye kaburi la Mawangdui, China, ina zaidi ya miaka 2000 na michoro yake inasomeka.

Sasa nikupe maoni yangu, uyapime. Shuka la mama halihitaji kupakwa rangi ili liwemo kwenye kazi. Faith Ringgold, msanii wa Marekani aliyefariki mwaka 2024, kwenye kwilti yake Tar Beach ya mwaka 1988 alipaka picha kwa akriliki juu ya turubai, kisha akaizungushia mpaka wa vitambaa vilivyounganishwa. Mchoro ulikaa mahali panapoufaa, na kitambaa kikasema cha kwake pembeni. Ningekuwa wewe ningechora na kupaka kwenye pamba mpya nyeupe, nikalitumia shuka kwa mpaka, kwa mgongo, na kwa viraka vidogo ndani ya picha: pazia la mlangoni, kitambaa chini ya kikombe. Shuka nusu litakutosha vipande vingi sana kwa namna hiyo, na hakuna brashi itakayolitia hatarini. Lakini kama moyo wako unataka wino uguse shuka lenyewe, fanya hivyo, baada ya majaribio.

Iko pia njia ya karatasi, ambayo watu huisahau. Paka kikombe kwenye karatasi nzito ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, kisha ishone karatasi hiyo juu ya kitambaa. Toboa matundu kwanza kwa sindano tupu, acha milimita tatu hadi nne kati yao. Mishono ikikaribiana kuliko hapo, karatasi inachanika kwenye mstari kama stempu. Rangi zako za vijisahani zitafanya kazi zinazoijua, na sindano itafanya yake.

Kuhusu kujikunja. Jiulize: shuka lilifuliwa mara nyingi na limekwisha kurudi, je, pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma ulivifua? Kitambaa kipya cha pamba huweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5 kikifuliwa mara ya kwanza, na mvuke wa pasi nao hukianzishia safari hiyo. Cha nyuma kikirudi na cha juu kisirudi, cha juu hakina pa kwenda ila kujikunja. Fua kitambaa kipya kwa maji ya moto kabla ya kukata, jambo ambalo pia huondoa wanga na dawa za kiwandani zinazozuia rangi kushika. Pamba ya katikati fuata maelezo yake, kwa sababu nyingine husambaratika majini. Kata matabaka yote yakiwa makubwa kuliko unavyotaka kwa sentimita mbili au tatu kila upande, kwa sababu kila mshono hula kitambaa kidogo, na upunguze mwishoni. Yashikize matabaka kwa bandi ndefu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha shona kwa mwelekeo huohuo. Usivute uzi mpaka kitambaa kididimie. Uvute mpaka ulale, basi. Ukishona sana kona moja na kuacha nyingine wazi, ile iliyoshonwa itasinyaa na iliyoachwa itavimba, kwa hiyo tawanya mishono.

Kwa kipande cha kiganja, pamba nene ni nyingi mno. Flaneli moja katikati inatosha kutoa kivuli kwenye mishono bila kukigeuza kuwa mto. Na kumbuka: kwilti ya kawaida ikijikunja watu huilowesha na kuinyoosha, ila wewe ukibaki na rangi za maji huna ruhusa hiyo, kwa hiyo unyoofu lazima utoke kwenye kushona.

Utaratibu basi ni huu: fua, nyoosha, tia mgongo mgumu, chora, ngoja siku, pasi kavu, paka, kausha, pasi kavu tena kama ni rangi ya kitambaa, bandua, tia matabaka, shona. Kupaka baada ya kushona kunajaribisha, kwa sababu rangi hujaa kwenye mabonde ya mishono na kutoa vivuli vizuri, lakini uzi nao huvuta rangi na flaneli huinywa, kwa hiyo usianzie hapo. Nyuzi nyekundu na za buluu nzito zilaze kwenye kitambaa cheupe chenye maji usiku kucha, uone kama zinachuja, kabla ya kuziamini.

Si kila mstari uwe wa wino, lakini. Kwenye miwani, chora fremu yote na lenzi moja kwa kalamu, ile nyingine izungushie kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, bila wino wala rangi. Mwanga ukitoka pembeni, lenzi ya uzi inaonekana. Ukitoka mbele, inapotea. Kalamu haiwezi kazi hiyo.

Vile vitatu usivitupe wala usivioshe tena. Kilichobaki karibu cheupe kina kivuli cha mchoro. Kifuate kwa mshono wa kurudi nyuma, uzi mmoja mwembamba wa kijivu. Kwenye vile viwili, kata sehemu iliyosalimika, kunja kingo zake bila kulowesha, na uishone kama kiraka juu ya kipande kipya.

Jua ndilo adui atakayefuata. Rangi mbili zinazofanana sana dukani zinaweza kutofautiana mno dirishani. Soma herufi na namba ndogo kwenye mrija au chupa, ambazo hutaja aina ya chembechembe za rangi. Nyekundu yenye PR83, alizarini ya zamani, hufifia. Yenye PV19 inaipita mbali kwa kustahimili mwanga. Rangi za udongo, kama manjano ya udongo PY43, na nyeusi ya kaboni PBk7 ni za kuaminika, na rangi zinazong'aa kama taa epuka kabisa. Majumba ya makumbusho huweka nguo na rangi za maji kwenye mwanga wa kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu kweli, hivyo ukuta unaopigwa na jua haufai. Ukitia kwenye fremu, kioo kisigusane na kitambaa, na karatasi ya nyuma iwe isiyo na asidi.

Yako mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama shuka lina sehemu zinazochanika ukizivuta kidogo, madoa ya kutu, au maandishi ya zamani ya wino, lipeleke kwa mhifadhi wa nguo za makumbusho kabla ya kulifua au kulikata. Mwombe aliangalie na akushauri, na shika ushauri wake kuliko wangu. Barua ya mama kwa mkono wake usiishone kabisa: itoe nakala kwenye kitambaa, ya asili ibaki salama. Ukitumia cherehani, nayo ikianza kuruka mishono au kuacha vitanzi chini baada ya kubadilisha sindano na kupitisha uzi upya, mwite fundi wa cherehani. Na ukihisi ganzi vidoleni, maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya kupumzika siku chache, au macho yanayouma kila ukishona, nenda hospitali mapema. Mishono midogo kwa saa nyingi huchosha mishipa ya mkono, na hali hiyo hutibika kwa urahisi zaidi ikiwahiwa.